Nyuso Zilizoelekea Ukuta

Je, mtu yupo kwa sababu yupo, au yupo kwa sababu wenzake wamekubaliana kwamba yupo? Nauliza nikiwa nimekaa chini ya msumari, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa juzi, au mwaka jana, au siku ambayo bado haijafika. Katika mji wetu siku hazijipangi foleni. Ukungu ukipanda kutoka bondeni hufuta njia, hufuta migomba, hufuta mbuzi na kamba yake, na ukiondoka kila kitu hurudi mahali pake isipokuwa wakati. Watu hutoka nje wakaulizana, "Hii ni asubuhi ile ile au ni nyingine?" Mwenye sauti kubwa kuliko wenzake ndiye anayejibu, na ndivyo tunavyopata tarehe.

Nimechoka na wageni wanaosema mlimani ni mahali pa amani. Mlimani ni baridi. Ni magoti yanayouma na kuni mbichi zinazotoa moshi mpaka unalia bila kufiwa. Wageni hutazama mawingu yakiwa chini ya miguu yao wakasema "Mungu mkubwa," kisha huteremka kwenda kulala penye joto. Sisi tunabaki tukiwa ndani ya hayo mawingu, na aliye ndani ya wingu haoni uzuri wowote, haoni hata kidole chake.

Mimi napiga picha. Sikusomea, sina studio, sina kibao mlangoni. Nina kamera moja ya zamani yenye mkoba wa ngozi uliochubuka, niliyoachiwa na babu yangu Senkondo, mzaa mama, ambaye jina lake nalo niliachiwa. Kwetu mtoto akirithi jina la babu hurithi na heshima yake, kwa hiyo mama yangu, aliyenibeba mgongoni, huniita Baba. Nimekua nikiitwa hivyo. Kuna asubuhi, ukungu ukiwa mzito, huwa sijui ni Senkondo yupi aliyevaa koti langu, wala yule mwanamke anayepuliza moto jikoni ni mama yangu au ni binti yangu mdogo aliyeamka kabla ya wenzake.

Napiga mambo ya kila siku. Mama akipepeta maharage. Bi Nambike, jirani yetu, akipita na mzigo wa majani ya mbuzi, uso haupo, miguu tu chini ya kijani. Wanawake wanaosubiri zamu kwenye mfereji wa maji. Mabati yenye umande. Harusi sipigi, maana harusini watu hujifanya. Picha naziosha mwenyewe mchana katika ghala la ndizi, blanketi nimelitundika dirishani. Maji ya huku ni baridi mno, na dawa ya picha haipendi baridi. Nyuso hutoka zimepauka mithili ya uji wa mgonjwa. Ndiyo maana, tangu nilipoanza mchezo huu, mama huniwekea birika mekoni, na maji yakipata uvuguvugu hunigongea mlango wa ghala. Picha zangu zote zimetoka kwa moto wake.

Desturi yetu ni hii. Picha ya mtu aliye hai hutundikwa uso ukiwa umeelekea ukuta. Ukiingia sebule yoyote hapa mjini utaona migongo ya fremu, mbao kavu na utando wa buibui. Mtu akifa huja Bwana Kiondo, Mtunza Misumari, akiwa na nyundo yake ndogo, akaigeuza picha itazame watu, na hapo ndipo kilio huanza. Marehemu anaweza kuwa amelala kitandani tangu alfajiri, lakini kabla picha haijageuzwa hakuna anayetoa chozi. Tangu siku hiyo kikombe cha kwanza cha chai ya asubuhi huwekwa kwenye kibao kidogo chini ya picha, kiwe cha aliyeondoka. Mji huu haujawahi kuwa na askari. Una Bwana Kiondo na misumari yake, nasi tumetii bila kuchapwa.

Kwa hiyo watu wa huku hawajapata kuziona picha zao. Hukaa mbele ya kamera, hutengeneza nguo, hutabasamu, kisha uso ule huenda kutazama chokaa mpaka wao wenyewe wasiwe na macho ya kuutazama. Mimi peke yangu nimeziona nyuso za majirani zangu wote. Zamani nilidhani huo ni upendeleo.

Dada yangu Nakaniwa alipandishwa na basi kutoka tambarare, alikolelewa na shangazi tangu utotoni na akaolewa huko huko. Alikuja kutusaidia kupaka chokaa kabla ya sikukuu. Picha zikateremshwa, zikafutwa vumbi, zikalazwa kitandani. Ukuta ulipokauka akazirudisha: ya baba, inayotazama watu, ya babu Senkondo, inayotazama watu, ya bibi, vivyo hivyo. Ya mwisho ilikuwa ya mama. Nakaniwa alikumbuka kwamba hiyo ilikuwa imeelekea ukuta, akadhani aliyeitundika alikosea, akaiweka sawa na wenzake. Akarudi nyuma hatua chache kutazama, akaona pamependeza.

Kisha Bi Nambike akaingia kuomba moto, kijinga cha kuni mkononi.

Mimi nilikuwa ghalani. Nilisikia ukelele, nikadhani ni wa jirani, nikaendelea kutikisa beseni maana picha ilikuwa ndiyo kwanza inatokeza. Nilipotoka ua ulikuwa umejaa. Mikeka ilikwisha kutandikwa, sufuria kubwa ilikwisha kuinjikwa, wanaume walikuwa wamekaa upande wao mikono mashavuni. Huku kwetu watu ni wazito wa kila kitu isipokuwa msiba. Nikamwona mama anatokea migombani na mzigo wa majani kichwani.

"Nani?" akauliza, akitua mzigo. "Nani katutoka?"

Wanawake wakatazamana. Bi Nambike, rafiki yake tangu usichana, akajifunika uso kwa kanga. Mmoja wa wanawake akajisogeza, akapiga mkeka kwa kiganja. "Pole, mama. Pole sana kwa msiba. Kaa hapa."

"Msiba wa nani, jamani? Si nyumbani kwangu hapa?"

Akaingia sebuleni, nami nikamfuata. Akasimama mbele ya ukuta, mikono bado ina umande wa majani, akajitazama. Nadhani ndiye mtu wa kwanza wa mji huu kukutana na picha yake. Alitazama kwa muda mrefu, kichwa kaweka upande.

"Baba," akasema, "mbona hukuniambia kitambaa kimekaa vibaya?"

Nikaichukua picha, nikaigeuza mbele ya watu wote. Bi Nambike akaja, akasema kwa upole kwamba mtoto aliyefiwa huachwa afanye atakalo, akaigeuza tena. Nakaniwa alikuwa amekaa chini, kamwaga ndoo ya chokaa, anasema, "Mimi niliona moja inatazama kule, nikadhani mmeikosea." Alilirudia neno hilo mpaka likaisha maana. Mama akatoka nje, akakaa kwenye mkeka aliosogezewa, akaanza kulia pamoja na wenzake. Nikachutama karibu yake nikamuuliza analia nini.

"Wenzangu wanalia, Baba. Nikae macho makavu mimi peke yangu?"

Bwana Kiondo alipofika alikuwa amevaa koti lake jeusi, na nyundo ilikuwa mfukoni. Nilimshika mkono nikampeleka hadi kwa mama.

"Mama yangu huyu hapa, Bwana Kiondo. Mguse."

"Simgusi. Mimi si daktari. Kazi yangu misumari."

"Basi igeuze picha irudi ilivyokuwa. Hukuigeuza wewe. Dada yangu amekosea."

"Amekosea, naam." Alisema kwa upole wa mtu asiyekusudia kufanya lolote. "Lakini marehemu baba yangu alinifundisha kugeuza kuja huku, Senkondo. Kugeuza kurudi kule hakunifundisha, maana naye hakufundishwa. Na kilio kimekwisha kutoka. Umewahi kuona kilio kikirudi kooni?"

Nilimchukia. Nilimchukia zaidi kwa sababu hakuwa na ukali. Mtu mkali unaweza kumpigia magoti au kumpiga ngumi, lakini mtu mpole mwenye desturi mkononi utamshika wapi? Akaona machozi yangu, akanihurumia, na huruma yake ndiyo iliyotumaliza. Akasema nimletee picha mpya ya huyo ninayesema yu hai. Akiuona uso wake humo ataitundika kwa mkono wake ielekee ukuta, na mji utamwamkia tena.

Mji utamwamkia tena. Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Marehemu haamkiwi. Mama alikuwa akitoka asubuhi kwenda mferejini, akapishwa njia, akaachiwa zamu, akatekewa maji na vijana wenye adabu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia shikamoo. Walimlilia akipita. Mashineni walimsagia mahindi wakamwekea unga mlangoni bila kumtazama. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, mikono magotini.

"Tangu asubuhi marahaba yangu imenikaa hapa," akasema, akijigusa shingo. "Sina wa kumpa."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, Baba." Uso wake ukafunguka, akainuka kutafuta sukari.

Nikaapa mbele ya moto ule kwamba mji wote ukinyamaza, mimi nitamwamkia kila asubuhi mpaka nipate picha. Kiapo chepesi. Nani anaweza kusahau kumwamkia mama yake?

Mama alimfuata Bi Nambike siku moja, mchana, akamkuta anachambua mboga. Akamwambia, "Nambike, ni mimi." Bi Nambike akageuzia macho upande wa migomba. "Mama Nakaniwa, usinitie majaribuni. Nimekwisha kukulilia. Machozi mengine nitayatoa wapi siku hiyo ikija tena?" Kisha akamfungia mboga kwenye jani la mgomba, akaliweka chini katikati yao, akaingia ndani. Mama alizipika. Alisema zilikuwa na chumvi ya kutosha.

Asubuhi Nakaniwa, kwa kuogopa majirani, aliweka kikombe cha chai chini ya picha. Mama akaja, akakichukua, akakinywa chote amesimama mbele ya uso wake mwenyewe. "Si changu hiki? Nikiache kipoe kwa nini?" Akacheka, na Nakaniwa akacheka huku analia. Kila asubuhi ikawa hivyo. Nilipomwona anakunywa nilikuwa na matumaini, ingawa matumaini ya mlimani hayafiki mchana.

Nikampiga picha. Alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko, uso kwangu, kitambaa safari hii kimekaa sawasawa, macho yake katikati ya kamera. Nilimwona. Naapa nilimwona. Akanichemshia maji, akanigongea mlango wa ghala, nikaitia karatasi kwenye dawa na kungoja. Kwanza kilitokeza kigoda. Kisha mlango wa jiko. Kisha mama, na alikuwa amenipa mgongo.

Nikapiga nyingine. Mgongo. Nikampiga akipepeta maharage, akikamua mbuzi, akisuka mkeka kwenye jua dogo la mchana, na kila mara nilipotikisa beseni aliibuka amenipa kisogo, na kila picha alikuwa mbali kidogo kuliko ile iliyotangulia. Katika moja alikuwa amekwisha kuvuka ua. Katika nyingine alikuwa kwenye njia ya mfereji, ameshika ndoo, na alikuwa mfupi. Alikuwa msichana. Nilizipeleka kwa Bwana Kiondo. Alizishika karibu na dirisha, akazitazama moja baada ya moja kwa uaminifu wote.

"Sioni uso," akasema.

Nikafanya walivyofanya wote waliowahi kuambiwa na mamlaka walete ushahidi. Nikaenda kutafuta ushahidi zaidi. Nilidhani kosa ni la mwanga, au pembe, au umbali. Nikaiteremsha picha ya ukutani, ile ambayo niliupata uso wake, nikaanza kuisoma. Mwanga uliingilia shavu la kushoto. Kidevu kiliinuka kidogo. Kulikuwa na kivuli cha jani kwenye sikio. Nilimkalisha mama vile vile, nikamwinua kidevu kwa kidole, nikarudi kwenye picha, nikarudi kwake. Nilimwambia asicheke. Nilimwambia asiongee. Nikawa naamka na picha ile mapajani, naila kwa macho, kisha naitundika na kutoka kumtafuta mwenyewe ili nimlinganishe nayo. Alikuwa hafanani sana. Picha ilikuwa na utulivu ambao yeye hakuwa nao.

"Unamchosha," Nakaniwa aliniambia. "Kaa naye, mdogo wangu. Kunywa naye chai. Achana na huyo Kiondo."

"Nikikaa naye nani atamrudisha?"

"Amekwenda wapi?" akauliza dada yangu. Nilikuwa natia filamu kwenye kamera.

Siku moja ukungu uliingia mpaka jikoni. Mama alikuwa amekaa karibu na birika, nami nilikuwa upande wa pili wa moto, kamera usoni. Akaanza kusema, na sijui alikuwa anasema na Senkondo yupi.

"Maji yamepata, Baba. Nitayabeba mwenyewe. Ulinituma mferejini, ukasema usikawie. Nikakawia. Kulikuwa na ukungu, nikashika mpini wa ndoo nikasimama, nikasema nitangoja upite. Nadhani bado nimesimama. Aliyerudi na maji ni nani? Alikuja mtu hapa akaolewa, akazaa wawili, akazeeka magoti. Watu wakamzoea. Mimi sikumjua. Juzi nimemwona ukutani, kitambaa upande. Masikini. Baba, unanisikia? Nimekuja kukuambia sikuvunja ndoo. Mbona sikuoni? Ondoa hicho kidude usoni nikuone."

"Subiri, mama. Mwanga umekaa vizuri."

Akasubiri. Alikuwa mtiifu siku zote. Nikabonyeza.

Picha ile niliiosha kwa maji yake ya mwisho ya uvuguvugu, ingawa sikujua ni ya mwisho. Kilitokeza kigoda, likatokeza birika, ukatokeza moshi. Nilingoja mpaka mikono ikafa ganzi. Hakikutokeza kingine.

Kulikucha, au mwenye sauti kubwa alisema kumekucha. Niliingia sebuleni na koti langu, kichwa kimejaa shavu la kushoto na kidevu na kivuli cha jani. Niliona ninachokijua kuliko vyote duniani kikinitazama, kimetulia, kiko tayari. Kikanijia kiapo changu, nikafurahi kwamba sikukisahau.

"Shikamoo, mama," nikaiambia picha.

Nyuma yangu kijiko kiligonga kikombe. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni na chai yangu mikononi, mvuke unampanda usoni, kitambaa chake kimekaa upande. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Marahaba ilikuwa tayari imefika mdomoni, niliiona, na niliona akiimeza.

"Mama," nikasema.

"Haya, Baba," akasema taratibu. Hakukasirika. Laiti angekasirika. "Hata wewe."

Akanipita. Akaenda mpaka ukutani, akakiweka kile kikombe kwenye kibao chini ya picha, akakisogeza katikati kwa kidole kama inavyotakiwa, mkono wa kikombe upande wa kulia. Kisha akatoka kupitia mlango wa jikoni. Nilisikia akichukua ndoo. Nilikimbia nje nikiita, nikaita mama, nikaita mwanangu, nikaita majina yote ambayo mtu anaweza kuitwa na Senkondo wawili. Ukungu ulikuwa umeshika ua mzima. Bi Nambike alitoka nyumbani kwake, akanifunika blanketi mabegani, akaniambia nimechelewa sana kulia, lakini si vibaya.

Nimerudi nimekaa hapa chini ya msumari. Nakaniwa ameteremka tambarare. Majirani hupita wakanipa pole, na nikiwauliza kama mimi nipo hucheka, husema, "Wewe huna hata picha, Senkondo, utakufaje?" Ni kweli. Niliyekuwa nyuma ya kamera siku zote sina mgongo wa fremu wala uso wake. Hakuna cha kugeuza. Wataondoka wote, mmoja mmoja Bwana Kiondo atawageuza, na yeye mwenyewe atageuzwa na mwingine, nami nitabaki nikiwaamkia kuta.

Chai ile nimeiacha mahali alipoiweka. Kila asubuhi hunyanyua macho nikidhani atakuja akiwa anacheka, aseme, "Si changu hiki?" kisha akinywe amesimama. Imepoa, imefanya ngozi juu, na hakuna aliyekuja kuinywa.